Jedwali la Akina Mama

Saa nne usiku, Kijitonyama, ghorofa ya tatu,
luku imebakiza yuniti sita.

Mchana Sista Sikudhani alipiga simu kutoka Mbagala:
"Mwanangu, mama yake Shamte huyu hapa mbele yangu,
amekaa kwenye benchi, anamnyonyesha,
na mashine yenu inaniandikia hana mama."
Nikacheka.
Halafu sikucheka tena.

Niliandika mwenyewe: mtoto ni wa mama.
Niliandika: mama ana watoto wengi.
Hata wa chekechea angenielewa.
Nimebadili jina la ufunguo, nikalirudisha,
nimehesabu herufi kwa ncha ya kalamu
kama anayechambua mchele wa mawe.
Mkude kapita na kashata mdomoni:
"Zima, washa," akaenda zake.

Kumbe kosa nilikuwa nimelifunika mimi,
Januari ile ya haraka, kwa mstari mmoja:
ikishindikana, andika hana.

Nikaufuta. Kosa likatoka na sauti yake:
jedwali "mamas" halipo.

Mamas!

Ewe mtambo uliyezaliwa mbali,
ulifunzwa kwamba wingi ni mkia,
unabandika s nyuma ya neno, unaondoka.
Kwetu wingi huanzia kichwani.
M hutoka, wa huingia,
na sentensi nzima huinuka kuwapokea:
watoto wangu wale wawili wadogo wamelala.
Watoto nilishakufundisha, ukashika.
Lakini mama hatikisiki,
awe mmoja, wawe mia;
tukitaka kuwaita wote
tunatanguliza akina, kisha tunanyamaza kidogo.

Nikakuandikia, mstari mmoja:
jedwali la Mama linaitwa akina_mama.

Shamte akapata mama.
Nyuma yake wakafuatana, skrini kwa skrini,
Tabasamu, Mwajuma wa pili, pacha wa Kongowe,
watoto elfu nne na ushee, kila mmoja na wake.

Isipokuwa thelathini na mmoja.

Hao niliwafungua mmoja mmoja.
Ufunguo mzima, jina sawa, jedwali lipo.
Pale pa mama pamebaki patupu,
na kwenye maelezo, mwandiko wa Sista uliochapwa:
analetwa na bibi. Analetwa na dada, miaka kumi na moja.
Analetwa na jirani.

Hapo sikuwa na kosa la kusahihisha.
Yuniti mbili. Nikaongeza safu,
nikaipa jina mlezi,
nikahifadhi kabla ya giza.