Dole Gumba la Kulia

Nilifika Ilutila kwa pikipiki, matope mpaka kwenye taa,
mkobani Sheria ya Ardhi ya Vijiji,
kurasa zake zimevimba kwa ukungu wa Kilolo.
"Kamwene," nikasema. "Kamwene," wakaitika,
macho yao kwenye mkoba, si kwangu.
Mikoba wameshaiona.
Wa kwanza ulikuja na chombo cha miguu mitatu cha kupimia,
wa pili ulikuja na fulana na kofia,
wa tatu ukasema msitu huu hauna mwenyewe.

Nami nilianza vibaya. Nikasema "wadau".
Nikasema "ushirikishwaji". Mtu akapiga miayo.
Zelida Mhongole akaendelea kumenya viazi,
ganda moja refu lisilokatika,
hadi niliposoma polepole, kama anayevuka daraja la gogo:
ardhi ya kijiji haitoki
mkutano mkuu wa kijiji usipoketi na kuridhia.

Kisu kikasimama.
"Huo mkutano mkuu ni nani?"
"Ni wewe, mama. Wewe na kisu chako.
Kila aliyetimiza miaka kumi na minane."
"Mimi nimeitimiza zamani," akasema,
"ila hakuna aliyeniambia
kwamba tangu siku ile mimi ni bunge."

Kwenye karatasi ya kampuni msitu una namba na hekta.
Hapa una vyumba:
chumba cha mizinga, chumba yanamozaliwa maji,
na kile walimolala wakubwa,
ambamo hata mwizi wa mbao hupita amevua kofia.
Niliwaomba wanichoree. Wakachora kwa majivu sakafuni,
wakagombania kona ya kijito nusu saa nzima,
na mimi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikanyamaza.

Kisha nikatoa muhtasari.
Nakala yake niliipata wilayani
kwa shilingi elfu mbili na siku nne za "njoo kesho".
Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka elfu mbili na kumi na moja:
wanakijiji sitini na mmoja wameridhia kuutoa msitu,
na chini, safu kwa safu, madole,
meusi, ya mviringo, kama punje za mtama uliooza.

Nikasoma majina.
"Huyo marehemu. Tulimzika kabla ya mwaka huo."
"Huyo alikuwa Ifakara, analima mpunga."
"Huyo? Huyo alikuwa darasa la tatu!"
Kila jina lilipigwa kama kuku wa wizi, likatupwa pembeni.
Namba thelathini na saba:
Alatanga Kikoti, dole gumba la kulia.

Kimya.
Halafu kicheko kikaanzia nyuma, mlangoni,
kikaja mbele kikirukia magoti ya watu.
Sikuelewa.
Alatanga, mrina asali, akasimama,
akautoa mkono wake wa kulia ndani ya blanketi.
Vidole vinne.

"Mwaka tisini na nane," akasema, "shimo la kupasulia mbao,
mimi chini, ndugu yangu juu, gogo la mpodo katikati.
Dole langu nililizika mwenyewe, mule mule msituni.
Kama lilifufuka likaenda kusaini,
lingepitia hata nyumbani kunisalimu."

Kesi bado haijaisha. Barazani imeahirishwa mara tatu:
mara mwenyekiti ana semina, mara jalada halionekani.
Misindano ya kampuni imefika magotini upande wa kusini,
nami sikuwadanganya kwamba sheria ina miguu;
niliwaambia hubebwa, na ni nzito.

Lakini jioni ile walifanya mkutano wao.
Zelida alisaini akiwa na wanga wa viazi vidoleni,
jina lake zima, herufi moja moja, akitoa ulimi.
Watoto walishikilia kibatari.
Alatanga alikuja wa mwisho.
Akalichovya dole lake kwenye wino, akalikandamiza,
akalitazama lilivyotokea, akanirudishia kalamu.
"Andika hapo," akasema, "la kushoto.
Na uandike kwa nini."