Kadi Ndani ya Barafu

Tuliigandisha Jumapili, baada ya chakula cha mchana,
ndani ya kopo la siagi lililokwisha kazi yake:
kadi ya samawati chini, maji ya bomba juu,
kisha friza, katikati ya njegere
na nyama ya paa aliyotupa shemeji Rollie.
"Ukiitaka," alisema Verlin, "itabidi usubiri iyeyuke.
Na anayesubiri huzinduka."
Alisema ukiitaka. Hakusema tukiitaka.
Nikaisikia ile silabi moja ikianguka sakafuni
kama kijiko.

Akaunti ni yake. Kadi ina jina langu,
Ardis M. Halvorsen, herufi zimetuna kama vipele,
nami nilizoea kuzipapasa mfukoni, kwenye foleni ya dukani,
kujihakikishia kwamba nipo.
Matairi ya theluji. Jino la Verlin, la juu.
Mbwa, mara mbili, kwa daktari.
Halafu cherehani, ile ndefu ya mablanketi ya viraka,
dola elfu mbili na mia tatu,
niliyosema nimepewa na kanisa.
Kanisa halijawahi kunipa hata kahawa ya moto.

Bi Krueger wa chama cha akiba na mikopo, pale Rhinelander,
alivua miwani kabla ya kusema, kama wafanyavyo madaktari:
"Katika jimbo hili la Wisconsin, deni aliloleta mmoja ndani ya ndoa
huhesabiwa la nyumba."
Nilicheka. Pingu za maisha tulizivaa kwa keki na kodiani,
hakuna aliyetuambia zina riba ya asilimia ishirini na nne.
Verlin hakucheka. Aliangalia buti zake,
theluji ikizitoka taratibu na kuwa dimbwi
kwenye zulia la watu.

Kukopa harusi: hilo nalijua, nilicheza.
Kulipa matanga: ila matanga ya nani,
kama marehemu bado anaoka mkate
na kuuliza, nikupakie siagi?

Februari, nikitafuta msumari gereji,
nikakuta ndani ya kopo la kahawa, chini ya parafujo,
bahasha saba za benki nisiyoijua.
Kadi ya pili. Jina lake peke yake.
Nilijiandaa kwa mwanamke, kwa kamari.
Nikasoma mstari kwa mstari, pumzi ikitoka mvuke:
kila tarehe kumi na nne alikopa kule
kulipa huku, kile kiwango cha chini kabisa,
kinachomnyamazisha mbwa bila kumshibisha.
Mwaka mzima na nusu. Alijua habari ya cherehani.
Alijua, na alilala chini ya blanketi lake
akivisifia viraka.

Sikujua nimkumbatie au nimpige na kopo.
Nilirudisha parafujo, moja moja.

Usiku huo tanuru likafa.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
mabomba yakigugumia ukutani.
Verlin akatoa donge la barafu, akaliweka kwenye sinki.
Tuliketi na makoti yetu, mbwa kati yetu, tukiangalia.
Nyumba ilivyokuwa, barafu haikuwa na haraka.
"Nimeliona kopo la kahawa," nikasema.
Akasema, "Nami nilimwuliza mchungaji."
Kisha akachukua bahasha, akachora mstari katikati:
yako, yangu. Jino upande wake. Cherehani upande wangu.
Mbwa alimwandika juu ya mstari wenyewe.
Tanuru hakujua aliweke wapi, akaacha kuandika.

Fundi alifika saa moja asubuhi, ndevu nyeupe kwa baridi,
akatoa karatasi na kalamu iliyolala garini.
"Nani anasaini?"
Verlin akanisogezea kalamu. Mimi nikamsogezea kadi,
nusu yake ingali ndani ya barafu,
jina langu nje, tarakimu ndani.
Alijaribu kalamu yeye, kisha mimi.
Wino ulikuwa umeganda.