Kijaluba

Walimwekea Jumanne, chini ya mtulinga wa kulia:
kijaluba cha titani, upana wake kama sarafu ya peso mia,
kifuniko cha silikoni, na mrija laini unaoteremka
ndani ya mshipa mpana hadi kizingitini mwa moyo.

Daktari alikuwa ametuchorea kwenye karatasi.
Baba akamnyang'anya kalamu,
akamrekebishia kiwiko cha mrija.
"Ukiupinda hivi, hapa pataziba."
Miaka arubaini na mitatu ametambaa chini ya sakafu za Valdivia,
tochi mdomoni, tumbo kwenye matope,
akisikiliza maji ya watu yanavyopita.
Sasa yeye ndiye nyumba.

Mikono ilikuwa imekwisha kukataa.
Mishipa ilikimbia sindano kama mende wakiona taa,
na siku moja dawa ilivuja nje ya njia yake,
ikamchoma nyama ya mkono wa kushoto,
kovu lipo, linang'aa, halioti nywele.
Hakulia. Aliuliza tu
nani aliyefunga ile koki.

Wiki ya kwanza alinyoa ndevu bila kioo.
Mama akashona kijimto cha sufi ya kondoo
cha kuzuia mkanda wa gari usimkwaruze.
Hakusema ni cha nini. Alikiweka kwenye kiti
kama mtu aliyekisahau.

Zunilda, muuguzi, ana vidole vya mtu anayechagua parachichi.
Anasafisha, anasubiri ikauke,
anakishika kijaluba kwa vidole vitatu kisitoroke.
"Geuza uso, Don Eleuterio. Vuta pumzi."
Sindano yenye goti inazama.
"Imegonga chini," baba anasema, macho amefumba.
Hakosei hata siku moja.

Julai, mvua ya siku ya tisa,
damu ilikataa kurudi.
Zunilda alivuta bomba la sindano: hakuna kitu.
Akasukuma maji ya chumvi, yakaenda.
Akavuta tena: hakuna kitu.
"Inua mkono. Tazama dirishani. Kohoa."
"Si donge," baba alisema, "maji yasingepita.
Ncha imebusu ukuta."
Zunilda alimtazama juu ya barakoa yake.
Wakamlaza, kiti kikashuka kichwa chini miguu juu,
akakohoa kile kikohozi chake cha tumbaku aliyoiacha akiwa na miaka sitini,
na damu ikachungulia,
uzi mmoja, mwekundu, halafu mwingi.
"Nyumba ya mjane Ostornol," alisema akiwa bado kichwa chini,
"mwaka wa themanini na tano. Vivyo hivyo."
Nilitoka kwenye korido
nikacheka mpaka nikashika ukuta,
halafu haikuwa kicheko tena.

Dawa zimesimama tangu Septemba.
Picha zitapigwa Machi, nazo zitasema zitakayosema.
Kila mwezi anapanda basi na mwavuli wake uliovunjika ubavu,
saa nzima kwenda, saa nzima kurudi,
kwa ajili ya sindano moja ya maji ya chumvi
ili njia isigande.
Nilimwambia, mwache daktari akitoe.
"Bomba lisilopitisha kitu linaziba," alisema.
"Na bomba ulilolingoa,
siku ukilihitaji, unavunja ukuta."
Akaendelea kumenya viazi.

Jumapili mwanangu alimpandia mapajani,
akatia kidole ndani ya shati, akakipata.
"Babu, humu mna nini?"
"Hamna kitu. Ni mlango tu."
Mtoto akabonyeza tena, taratibu,
kama anayepiga kengele kwa jirani asiyemjua,
akategea sikio.

Baba naye alikuwa ametega,
ila uso ameuelekeza juu.
"Mfereji wa paa unavuja, upande wa jikoni.
Nileteeni ngazi."

Tukatazamana, mama na mimi.
Ngazi tumeificha tangu Mei.