Ubao wa Dirisha

Jumamosi, alfajiri imekwisha kusaliwa, tulikutana Utaani, Wete,
mbele ya nyumba ya marehemu Seif Ngwali:
watu kumi na mmoja, mapanga manne,
toroli moja lenye gurudumu la kuazima.
Salhina kaja na fagio la chelewa na chupa ya chai ya tangawizi.
Kombo Shaibu kaja na mdomo wake tu,
akasema mgongo unamuuma,
akapewa kazi ya kushika ngazi.

Mwaka wa tisa huu nyumba haina mtu.
Wenyewe wako Maskati, mmoja Mombasa,
na mmoja hatujui, husemwa tu kuwa yuko.
Mpapai umeota sebuleni,
umetokea juu pale bati liling'oka, unazaa.
Popo wamehesabu boriti wakagawana.
Na kisima. Kisima ndicho kilichotutoa majumbani:
mbu wake wanauma mtaa mzima
bila kuuliza ukoo.
Rajabu iliyopita homa ilimlaza mtoto wa Mize siku kumi na mbili,
mpaka nywele zikapukutika.
Tokea hapo "si yetu" likawa neno zito mdomoni.

Tulifyeka. Upupu ukampata Kombo papo hapo alipoegemea ngazi,
akacheza ngoma isiyo na jina,
na sisi tukacheka mpaka mapanga yakalegea.
Tukatoa nje samadari isiyo miguu, kandili,
madaftari ya duka (mchwa wamekula madeni yote,
wameacha pambizo),
kiatu kimoja cha mtoto.
Nyoka mmoja, huyo tulimpisha.

"Dirisha la mashariki lina ubao mmoja," akasema Salhina.
"Wa pili kauchukua nani?"
"Wezi," nikasema. Haraka.
Nikainama kufagia pahala palipokwisha fagiwa.

Ubao ule ni mlango wa banda langu la kuku.
Niliuchukua masika ya mwaka wa pili,
nikijiambia: kisicho na mtu huoza,
afadhali kiozee kwangu.
Una maua manne ya kuchonga, na la nne halikumalizika;
fundi aliitwa kula, nadhani, asirudi.
Kila asubuhi naufungua, jogoo anatoka
kama bwana harusi.

Adhuhuri mtoto wa Salhina akapiga picha, akaituma Maskati.
Tukangojea ahsante.
Simu ikalia chokaa haijakauka:
"Nani kawapa ruhusa? Mnataka kuifanya yenu?"
Zuwena binti Seif, sauti ile ile aliyotugombezea chuoni
tulipomkanyagia juzuu yake.
Wengine wakaanza kukusanya mapanga.
Mize akaipokea simu. Hakujitetea.
"Kisima tumekifunika," akasema.
"Mpapai tumeuacha. Una mapapai saba."
Kimya. Kimya kirefu, cha kulipiwa.
Kisha, chini sana:
"Ule mlango wa uani, bado unalia ukifunguliwa?"
Mize akauendea, akausukuma, akaunyooshea simu.
Ukalia.
Na huko ng'ambo nako kukaliwa.

Usiku kuku niliwazibia kwa gunia.
Ubao niliusugua kwa mchanga na ndimu,
kinyesi kikatoka, harufu haikutoka yote.
Nikashika njia ya nyuma, tochi nimeizima,
ubao begani kama mtoto aliyelala,
hatua zangu mwenyewe zikinishitaki kwenye majani makavu
tuliyoyakusanya mchana.

Chini ya dirisha la mashariki ngazi ilikuwa imekwisha simamishwa.
Na Kombo ubavuni pake, mgongo wima, haumuumi hata kidogo.
Kwapani ana kitu amekizongomeza kwenye kanga ya mkewe,
pembe moja imechungulia:
kitasa cha shaba cha mlango wa mbele.

Tukatazamana.
"Wewe kwanza," akasema,
akanishikia ngazi.