Namba Tatu

Zilitengenezwa saba. Nina hakika na idadi hiyo
kama mtu alivyo na hakika na meno yake:
kwa ulimi, gizani, nikiirudia
ile nakala ya ankara niliyoiokota Leeds,
"bodi za majaribio, saba", na sahihi isiyosomeka.

Saba, za kompyuta ambayo haikuuzwa hata moja.
Kampuni ilikufa Februari, mwaka wa themanini na nne,
wino wa matangazo haujakauka.

Miaka kumi na tisa nazifuata.
Nimepanda dari za watu nisiowajua,
nimepiga chafya katika magereji ya Hull na Carlisle,
nimenunua sanduku zito kwa mjane mmoja
nikalifungua njiani, uvumilivu umenishinda:
ndani vigae vya bafu, rangi ya waridi.
Rhona, mke wangu, alivibandika jikoni.
Vimependeza, sikatai.

Halafu simu kutoka Dundee.
Sauti ya kike, kavu: "Wewe ndiye yule mtu wa takataka?"
Nikasema, ndiye.

Bi Netta Lorimer, miaka themanini na miwili,
ghorofa ya nne, lifti mbovu,
mvua ya mto Tay ikichapa kioo kwa ubavu.
Hakunipa chai. Alinipa foronya.
Ndani yake, kijani kilichokoza,
nyaya za njano zikikatiza juu ovyo
kama kazi ya mtu aliyeshona kifungo gizani,
na pembeni, kwa mkono: 3.

"Usinitetemekee hapa," akasema. "Zulia jipya."

Akaigeuza kifudifudi, akapitisha kidole
juu ya vitone vya lehemu.
"Hiki changu. Hiki. Hiki.
Hiki cha Alasdair, ona kilivyovimba kama chunusi.
Injinia mzima, na lehemu hakuijua."
Wanawake mia mbili kwenye mstari mmoja, alisema,
wote mabinti wa viwanda vya juti.
"Mama zetu walifuma magunia wakawa viziwi.
Sisi tulifuma hizi, tukapoteza macho."

Chipu za aina ile zina kidirisha mgongoni.
Mwanga ukiingia siku nyingi, chipu husahau,
ndiyo maana huzibwa.
Alasdair, kwa haraka zake, aliiziba kwa stika ya duka:
ndizi, peni thelathini na tisa.
Sasa stika imejikunja upande mmoja, kama kope.

Nikatoa kisomeo changu mkobani, nikaichomeka.
Taa ikawaka.
Mia mbili hamsini na tano.
Mia mbili hamsini na tano.
Mia mbili hamsini na tano, hadi mwisho wa ukurasa,
na ukurasa uliofuata, na uliofuata huo.
Ndivyo utupu unavyojiandika.

"Inasema nini?"
"Ilikaa wapi miaka yote hii?"
"Dirishani. Foronya ni ya leo, kwa heshima yako.
Asubuhi jua likija hapa, na haliji mara nyingi,
zile ncha zangu zilikuwa ziking'aa."

Nilitaja bei ya kitu kilichokufa.
Yeye akataja bei ya kazi yake.
Nililipa yake.

Mlangoni alinishika mkono wa koti.
"Usije ukakisafisha kile cha Alasdair," akasema.
"Kiache kibaya hivyo hivyo."

Wanasema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.
Mimi nimepata na sijachoka,
na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo:
kwenye maegesho, injini bado baridi,
namba tatu kitini kando yangu, imefungwa mkanda,
tayari nampigia bwana mmoja wa Gothenburg
ambaye ana kitu cha kijani, chembamba,
anakitumia kuzuia mlango wa banda.
Hajui kama kina namba.
Ameenda kutazama. Nasikia viatu vyake kwenye theluji.