Kitone Kimoja

Saa saba na nusu mchana setilaiti hupita juu yetu,
haibishi hodi.
Kabla chai haijapoa picha inanifikia hapa Yakutsk,
ghorofa ya nne, chumba chenye feni moja na kiti kibovu,
nami nashika kipanya
naanza kuchora mpaka wa kitu kisicho na mpaka.

Nilifundishwa hivi:
wingu ni jeupe, lina kingo, lina kivuli chake chini.
Moshi ni maziwa yaliyodondoshewa chai,
unavuja, hujui ulipoanzia.
Ukishuku, ngoja jua lilale upande;
uliouona haba adhuhuri
jioni utaukuta umejaa tele.

Njano kwa moshi mwepesi. Kisha rangi ya chungwa. Kisha nyekundu,
ambayo wiki hii nimeitumia hadi naiota.

Wahenga walinena, pafukapo moshi pana moto.
Hawakuuona huu,
moshi ulioacha moto nyumbani ukashika njia:
Jumatatu ulikuwa mto Vilyui,
Jumatano umevuka pwani ya barafu,
Ijumaa nimeuchora juu ya Ncha ya Kaskazini,
mahali pasipo na hata kijiti cha kuchokolea meno.

Kaka yangu Erchimen yumo ndani ya kitone.
Kitone kimoja cha picha ni mita mia tatu sabini na tano
kwa mia tatu sabini na tano.
Humo mna misonobari ile inayopukutisha sindano zake kila vuli,
trekta la jirani, ng'ombe kumi na mmoja,
nyasi alizokata asimalize kuzianika,
na yeye, na koleo lake.
Kompyuta huvijumlisha vyote
na kutoa rangi moja.

Jana kitone kilikuwa chekundu.
Leo ni kijivu.
Sijui kama moto umezimika
au wingu limeuatamia kama kuku na mayai yake.
Mkuu wangu, Afanasi Petrovich, anasema andika: hakuna taarifa.
Naandika.
Mkono unatii, tumbo linakataa.

Picha ya jioni: upepo umegeuka.
Mstari wangu unateremka na mto Lena,
unapita uwanja wa ndege, unapita soko la samaki,
unapita juu ya paa la jengo hili.
Nimejichora ndani.
Nainuka kufunga dirisha, nimechelewa;
jua la saa tatu usiku linaning'inia, jekundu,
unaweza kulikodolea macho na lisikuumize.

Usiku wa manane simu inalia, mtandao unakatikakatika.
"Mbu," anasema. Salamu hakuna.
"Mbu wa mwaka huu hawaogopi kitu.
Nimewawashia ng'ombe samadi kavu,
wamesimama wanajifukiza."
Na moto?
"Ng'ambo ya mto," anajibu,
kana kwamba nimemuulizia shangazi.

Ndani ya moshi wote ule
amewasha wake, mdogo,
wa kufukuzia mbu.

Narudi kwenye picha, nakivuta kitone karibu,
karibu zaidi,
hadi kinakuwa mraba mtupu uliojaza skrini.
Haumo.