Isiyo na Kioo

Mtaa wa Biashara, ghorofa ya pili,
ngazi zinanuka vitambaa vipya na tangawizi.
Kirtan anatandika shali nyeusi juu ya kaunta,
anazipanga kamera tatu, ndogo, zimeachana kidogo,
kama sonara asiyemwamini mteja.

Begani nimening'iniza ile ya zamani.
Kilo mbili na robo pamoja na lenzi yake.
Mkanda umenichimbia mtaro shingoni
na yule mama wa kukanda misuli kule Umoja
anaujua mtaro huo kuliko ninavyoujua mimi.
Miaka kumi na mmoja tumekula pamoja.
Imelipa karo ya Nekesa, imelipa deni la chama,
imeanguka kwenye matope ya Limuru ikaamka.

Lakini ndani yake kuna kioo,
na kwa kila picha kioo kinaruka: kacha!
Padri anapoinua hostia: kacha!
Na siku ile makaburini, Lang'ata,
mama alipoinama kuachia udongo wa kwanza,
kacha!
Akageuka, akanitazama.
Hakusema neno.
Picha ninayo, sijawahi kumwonyesha mtu.
Ni picha nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

"Hizi hazina kioo," asema Kirtan.
"Mwanga unaingia moja kwa moja,
kama mgeni asiyebisha hodi."
Nacheka. Kwetu mgeni wa namna hiyo
ama ni ndugu, ama ni mwizi.

Ya kwanza inaenea kiganjani,
ila vitufe vyake ni mbegu za mchicha.
Ya pili ina kila kitu, na bei ya kiwanja Kamulu.
Ya tatu imetumika. Imekwaruzwa pembeni;
mwenyewe alihamia Kanada akaiacha.
Elfu tisini na tano, na betri mbili,
kwa sababu moja huzimika saa nane mchana,
keki haijakatwa.

Nawaza. Wateja wangu hupima kazi kwa mizani.
Bwana harusi mmoja, Kitengela,
aliniona na kamera ndogo ya kuazima
akaniuliza kwa heshima zote:
"Dada, na mpiga picha mwenyewe atafika saa ngapi?"
Lakini itoe ile kubwa karibu na Jeevanjee
uone askari wa jiji wanavyochipuka
kama kumbikumbi baada ya mvua:
kibali kiko wapi, wewe ni wa gazeti gani?

"Acha niijaribu nje."
Kirtan anabaki na kitambulisho changu.

Chini ya ngazi balbu iliungua tangu Pasaka.
Ekai, mlinzi, amekalia kreti ya soda
anamenya chungwa,
ngozi nyeusi tititi, kivuli ndani ya kivuli.
Mahali kama hapa, ile kubwa yangu
humgeuza mtu akawa koti lenye meno.

Nainua hii. Kiduara cha kijani kinatafuta,
kinatafuta,
kinatua kwenye jicho lake la kushoto.
Nabonyeza. Kimya.
Nabonyeza tena. Ganda la chungwa linateremka,
refu, halijakatika.

"Sasa utapiga saa ngapi?" auliza Ekai.
"Nimeshapiga. Sita."

Anapangusa vidole kwenye suruali,
anaipokea kama yai,
anatazama mpaka skrini inazimika,
anaomba niiwashe tena.
Mikunjo yote ipo. Na ule weupe wa ndevu kidevuni.
"Huyu," asema, "amefanana na baba."
Namwahidi: Jumatatu nitamletea ya karatasi.

Juu, tunavutana mpaka tisini.
Simu inalia, pesa zimeondoka,
salio limebaki la nauli na sukumawiki.
"Na hii kubwa?" Kirtan anaipima kwa mkono.
"Nikupe kumi na mbili?"

Naichukua, nairudisha begani.
Jumamosi nina harusi nyingine Kitengela.
Ndogo itafanya kazi.
Kubwa nitaivaa shingoni, bila betri,
kwa ajili ya wakwe.